Maji ya Kukorogea Chanjo

Marahaba, wanangu. Shikamoo zenu zote za siku ile ya kuniaga nimezipokea, na keki niliila, ingawa ile rangi ya kijani mliyoandikia jina langu ilikaa kwenye meno siku mbili. Mliniomba niseme maneno mawili nikashindwa, nikalia kama bibi harusi. Sasa nimekaa nyumbani kwangu Gerezani, miguu nimeiweka juu ya kigoda, nina nafasi. Nayaandika. Yatakuwa zaidi ya mawili.

Kwa ambao hawakunifahamu kazini: naitwa Tatu, na wagonjwa waliniita Sista Tatu. Nilianza kama nesi wa wodi, nikapita kwenye kambi za kipindupindu zaidi ya mara moja, kisha nusu ya pili ya maisha yangu ya kazi nikaitumia kwenye tafiti za chanjo za kunywa, zile anazopewa mtu kwa tone, kwa kijiko au kwa kikombe badala ya sindano. Wengi wenu mmeingia huko mkidhani ni kazi nyepesi. Hakuna sindano, hakuna mtoto wa kukimbizana naye uani. Unakoroga, mtu anakunywa, anafuta mdomo, anaenda zake. Mimi pia nilidhani hivyo, tena kwa muda mrefu.

Aliyenitoa ujinga alikuwa Mzee Temu, fundi wetu wa maabara. Huyu alikuwa Mchaga wa Kibosho aliyevaa sweta hata Januari, wakati sisi wengine tunajipepea kwa mafaili. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mlangoni pa maabara akaniuliza kama najua tofauti ya chanjo ya sindano na ya kunywa. Nikamjibu kwa maneno ya kitabu. Akatikisa kichwa.

"Sikiliza, Sista," akasema. "Chanjo ya sindano ni mgeni aliyeshushwa na teksi mlangoni kwa mwenyeji wake. Hii ya kunywa inatembea kwa miguu kutoka Feri mpaka Msimbazi, mchana kweupe, inapita katikati ya Kariakoo na pochi mkononi. Ikifika na pochi yake, mshukuru Mungu."

Nilicheka, lakini sijapata maelezo bora kuliko hayo. Chanjo ikiingia mdomoni inakutana na mate. Ikishuka inakutana na asidi ya tumbo, ambayo kazi yake ni kuunguza kila kijidudu, nayo haitofautishi kijidudu kibaya na chanjo yako. Ikivuka hapo inakutana na chakula cha asubuhi, minyoo, na vijidudu vingine vilivyojenga huko miaka mingi na havitaki mpangaji mpya. Na ikifika mwisho, inakuta utumbo wenyewe umechoka kwa kuharisha kila mvua ikinyesha, ukuta wake umelika, hauwezi kupokea kitu vizuri.

Mtauliza, kama njia ni mbaya hivyo, kwa nini tusipige sindano tukalala? Kwa sababu kipindupindu kinaingia kwa mdomo na kazi yake yote kinaifanyia tumboni. Ukitaka kuweka walinzi, waweke pale pale mwizi anapoingilia. Halafu ugonjwa ukilipuka, unatakiwa kuwapa mtaa mzima kinga kwa siku chache, na kumpa mtu kikombe ni rahisi kuliko kumvua shati.

Basi wataalamu wakahangaika na mbinu. Wengine walitengeneza kidonge chenye ganda linalopita tumboni likiwa zima, likayeyuke mbele. Kizuri sana, ila mpe mtoto wa mwaka mmoja kidonge uone kitakakoishia. Sisi tulitumia njia ya unga: pakiti mbili. Ya kwanza ilikuwa unga wa kutuliza asidi, tuliouita magadi kwa utani kwa sababu ladha yake ilikuwa hiyo hiyo ya magadi, ukiongeza na kutu. Ya pili ilikuwa chanjo yenyewe. Unatia magadi kwenye maji, yanatoa povu, unatia chanjo, unakoroga, mtu anakunywa yote bila kubakiza. Nawashauri muonje ule unga wa kwanza siku moja. Mtu akikunja uso mbele yenu mtajua hajidekezi.

Masharti yalikuwa mengi. Usile saa moja kabla, usile saa moja baada. Kuwaambia hivyo wabeba mizigo wa Kariakoo ni kutafuta ugomvi, maana mtu anayebeba gunia la mchele kutoka alfajiri anaishi kwa supu na chapati. Kulikuwa na mmoja, Shabani, kifua kama kabati. Nikamuuliza kama amekula. "Wallahi Sista, hata maji." Nikamkaribia na kikombe, akacheua. Ndimu, pilipili, utumbo wa ng'ombe, vyote vilinipita puani.

"Shabani, hiyo nini?"

"Hiyo ya jana, Sista."

"Ya jana ingekuwa imeshapoa."

Watu wote waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Njia ya mwongo fupi, nikamrudisha, akaja kesho yake akiwa na njaa na hasira.

Na kuna masharti ambayo tuliyashika kwa nguvu zote, baadaye tukaambiwa hayakuwa na faida. Kwenye chanjo za watoto wachanga, kuna kipindi tuliwaambia mama wasinyonyeshe kwa muda kabla ya matone, kwa kuwa maziwa ya mama yana kingamwili zinazoweza kuinasa chanjo. Bibi mmoja wa Ilala alinishika kanga akaniuliza, "Chanjo gani hiyo inayomnyima mtoto ziwa?" Mtoto analia, mama yake analia, nami karibu nilie. Miaka ikapita, ikaonekana kumnyima ziwa hakusaidii chochote, tukaambiwa tuache. Nilimkumbuka yule bibi. Msione aibu kubadilisha njia, wanangu, ila muwe na adabu mnapoitetea ile ya leo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishindwe kusema siku ile ya keki.

Katika utafiti ule wa chanjo ya kipindupindu tulikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa Feri, kwa wauza samaki na wakaangaji. Nyingine ilikuwa yangu, kwenye uwanja wa zahanati moja karibu na Msimbazi, kwa wafanyabiashara wadogo, wabeba mizigo na mama ntilie wa upande wa Kariakoo. Mkuu wa utafiti alikuwa Daktari Nuru, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mpole, mwenye kalamu mbili nyuma ya sikio na zote hazina wino. Swali letu lilikuwa lile lile linalosumbua wenye kazi hii: kwa nini chanjo ya kunywa inayofanya vizuri kwenye nchi za watu wasiougua tumbo mara kwa mara, ikija kwetu inalegea? Na je, tukimpa mtu dawa ya minyoo kwanza, itafanya kazi zaidi? Tulichukua damu kabla ya chanjo, tukachukua tena siku kadhaa baadaye, tukaangalia kama kingamwili zimepanda.

Kwenye maelekezo kulikuwa na mstari mmoja: tumia maji ya chupa pekee. Hawakueleza sababu. Mimi, mtu wa kambi za kipindupindu, sikuhitaji kuelezwa. Nilijua ni usafi. Nimeona watu wanakauka kama dagaa kwa sababu ya kata moja ya maji. Kambini nilifundishwa kwamba maji yasiyotiwa dawa ni adui, na mkono wangu ulishazoea: nikiona maji, natia dawa. Nyumbani natia. Kwenye birika la mahari ya mpwa wangu nilitia, wakwe wakauliza kwa nini chai inanuka hospitali.

Na haya maji ya chupa ya Kariakoo, nani hajui? Kuna wajanja wanaokota chupa, wanajaza bombani, wanabana kizibo kwa ufundi. Basi kila asubuhi nilifungua chupa zangu kabla watu hawajafika, nikatia matone ya dawa ya maji, ile klorini, nikafunga, nikaziacha nusu saa. Hakuna aliyeniona kwa sababu niliwahi kuliko wote. Na sikumwambia mtu, si kwa kuficha, ni kama vile mtu hatangazi kwamba amenawa mikono. Niliona nimewazidi wenzangu kwa uangalifu. Nilijisifu moyoni, Mungu anisamehe.

Majibu ya damu yakaja. Feri, kingamwili zilikuwa zimepanda kwa watu wengi. Meza yangu, hakuna. Si kidogo, hakuna kabisa. Tukaitwa kwenye kikao. Daktari Nuru alichora tumbo ubaoni, akasema inaelekea watu wa bonde la Msimbazi wameharisha mara nyingi sana toka utoto, utumbo wao umechakaa kiasi kwamba chanjo ya kunywa haiwashiki. Kama ni hivyo, pengine hakuna maana ya kuendelea na chanjo ya aina hii upande ule. Tungefunga meza yangu, na nguvu zote ziende Feri.

Mimi niliitikia kwa kichwa. Niliwahurumia watu wangu kwa matumbo yao.

Jioni ile Mzee Temu alikuja na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akavuta kiti.

"Sista, hebu nieleze unavyokoroga. Usiniambie kilichoandikwa. Niambie mkono wako unavyofanya."

Nikamweleza kwa fahari. Naosha mikono, napanga vikombe, nafungua chupa, natia matone, nasubiri nusu saa...

"Unatia matone ya nini?"

"Dawa ya maji. Maji yenyewe haya ya mtaani huwezi kuyaamini, Mzee."

Akaweka kikombe chini polepole.

"Sista Tatu. Hiyo dawa inaua nini?"

"Inaua vijidudu vya kipindu..."

Sikumaliza. Maana chanjo yetu ilikuwa nini? Ilikuwa ni vijidudu vya kipindupindu vyenyewe, vilivyodhoofishwa visiweze kumdhuru mtu, lakini hai. Lazima viwe hai, viteremke, viufundishe mwili. Ndiyo maana tulitakiwa kutumia maji ya chupa, kwa kuwa maji ya bomba yana dawa. Mimi nilikuwa navipokea kila asubuhi kwa sumu niliyoviandalia mwenyewe. Watu wangu wote walikunywa maiti.

Mzee Temu hakunipigia kelele. Alinyanyuka, akavuta sweta lake. "Kesho mchana nitamwambia Daktari nilichokisikia," akasema. "Asubuhi yote ni yako."

Nitawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Nilipiga hesabu zote. Mzee Temu angesema, lakini ningeweza kukana, neno langu na neno lake. Nilikuwa na watoto wawili chuoni, na kazi kama ile haipatikani dirishani. Lakini kila nilipofika mwisho wa hesabu niliiona sura ya Mama Zuhura.

Mama Zuhura alikuwa mama ntilie wa kibanda cha kona, mita chache kutoka zahanati. Alfajiri alikuwa Feri kununua samaki, saa tano wali na mchuzi viko tayari, na wabeba mizigo wamejipanga. Ni yeye aliyewaleta watu wangu wengi kwenye meza. Aliwaambia, "Kama hutaki chanjo ya Sista Tatu, kale kwingine." Na masika ilikuwa inakaribia. Mvua ikishuka, maji ya Msimbazi yanajua milango ya watu wote. Yule mama alikuwa akisubiri mvua akiamini ana kinga, na hakuwa nayo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe hakingekuja kwangu, kingeenda kwake.

Asubuhi nikaingia kwa Daktari Nuru. Nilisema nikiwa nimesimama. Aliniuliza matone mangapi, tangu siku gani, chupa ngapi. Aliandika, kalamu ikagoma, akaitupa, akachukua nyingine.

"Unajua nilikuwa nimeshaandika?" akasema. "Unajua nilikuwa nimeshaandika kwamba matumbo ya watu hawa hayafai? Ingesomwa, Sista. Mtu angeisoma mahali fulani akaamua watu wa Msimbazi waachwe."

Nikasema najua. Nikasema pia, na hili ndilo jambo pekee ninalojivunia katika kisa hiki, kwamba nisifukuzwe kabla sijawaambia waliokunywa. Niwaambie mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mdomo wangu. Akakubali. Aliniondoa kwenye kukoroga siku hiyo hiyo, akapeleka taarifa kwenye kamati ya maadili, akaniachia daftari lenye majina.

Nikaanza kuzunguka. Shabani alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe niliiacha supu yangu ili ninywe maji ya bwawa la kuogelea!" Mzee mmoja mwenye duka la maharage ya jumla alinisikiliza vizuri, akasema, "Futa jina langu, mama. Sina ubaya na wewe, ila futa." Nikalifuta mbele yake. Mmoja alinifariji, na huyo ndiye aliyeniliza.

Mama Zuhura nilimwacha wa mwisho. Niite mwoga, sitabisha.

Nilimkuta anapakua. Nikamwomba dakika moja, akasema niseme tu, mikono yake inafanya kazi lakini masikio yako huru. Nikasema. Upawa ukasimama juu ya sufuria.

"Kwa hiyo mimi sina chanjo."

"Huna, dada. Ulichokunywa kilikuwa kimeshakufa."

"Na aliyekiua ni wewe."

"Ni mimi."

Akageuka akatazama meza ya wateja. Kulikuwa na majagi matatu ya plastiki, wabeba mizigo wanajimiminia.

"Unajua nimeacha kuchemsha?" akasema kwa sauti ndogo. "Mkaa umepanda, na mimi nimekingwa. Nikasema, kama mimi nimekingwa, hata mkono wangu ninaopikia umekingwa."

"Lakini tulisema muendelee kuchemsha. Ni utafiti tu, hata karatasi..."

"Karatasi ilisema. Wewe ulisemaje?"

Nikayatazama yale majagi.

"Ulinishika bega hapa, Sista. Ukaniambia, 'Haya Mama Zuhura, sasa mvua ije tu.'"

Ni kweli nilisema. Nilimwambia kila mtu, ulikuwa ndio utani wangu wa kuagana na mtu, nikaona unanoga. Wanangu, unaweza kumsomea mtu kurasa nne za maelezo, akaondoka na lile neno moja ulilolisema wakati anafunga kanga yake.

Mama Zuhura akachukua jagi la kwanza akalimwaga mtaroni. La pili. Wateja wakaanza, "Aa, mama, vipi tena, mtu anakula!" Akalivuta la tatu kutoka mkononi kwa mtu, akalimwaga, akaweka sufuria kubwa la maji jikoni, akapuliza moto.

"Nenda, Sista," akasema bila kunitazama. "Nina kazi."

Kamati ilichukua muda wake. Mvua haikuisubiri. Ile ilikuwa miezi mirefu kuliko yote niliyofanya kazi. Kila niliposikia mtu anaharisha mtaani moyo ulinienda mbio, nikaenda kumwona kwa miguu yangu. Mmoja aliletwa amekunjamana, nikadhani ndiyo yametimia, kumbe ni pilau ya arusini aliyokula sahani tatu. Kila siku nilipita kwenye kona ya Mama Zuhura nikitazama jiko lake tu. Sufuria la maji lilikuwa jikoni, linachemka. Sikusalimia, naye hakunisalimia, nikaenda zangu nikiwa nimeshukuru.

Hakuna aliyepata kipindupindu katika watu wangu. Nawaambia mapema ili msisome kwa wasiwasi. Lakini msiseme kwamba basi hakuna kilichoharibika. Tulibahatika, na bahati si mbinu ya kazi.

Ruhusa ya kurudia ilipokuja, mimi niliwekwa kwenye meza ya kuandikisha majina, mbali na vikombe. Kukoroga alipewa nesi kijana, Anna, aliyekuwa ananionea haya kuliko nilivyojionea mwenyewe. Na majibu ya mara ile niyaseme hapa hapa: kingamwili zilipanda. Si kwa wote, na si kama zile za nchi za wenzetu, hilo fumbo bado liko mezani kwenu. Lakini zilipanda. Mzee Temu alinionyesha karatasi, akasema, "Matumbo ya Msimbazi hayana kesi ya kujibu."

Ninalotaka mlibebe si majibu hayo, ni asubuhi yenyewe. Wengi hawakuja, na sikuwalaumu. Shabani alikuja, njaa imemtoa macho. Wengine wachache. Kibanda cha kona kilikuwa kimefungwa, nikajua Mama Zuhura ameamua kukaa mbali na sisi. Iliniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yake, sikuwa nimejiandaa kwa kiti chake kuwa wazi.

Karibu saa nne nikamwona anaingia getini. Nyuma yake walikuwa mama ntilie wenzake sita, kanga zimefungwa kiunoni kama watu wanaokwenda kuamua ugomvi. Akanipita mezani kwangu bila neno, akaenda moja kwa moja kwa Anna. Akatoa kwapani chupa ya maji ya lita moja, mpya, akaisimamisha mezani.

"Leo maji haya hapa," akasema. "Nimeyachukua mwenyewe dukani Posta, kwenye katoni lililofungwa. Ninayafungua mwenyewe."

Anna akanitazama mimi, mimi nikamtazama Daktari Nuru. Maelekezo yalisema maji ya utafiti tu, na maji ya utafiti yalikuwa pale kwenye boksi, safi, halali, yamekaguliwa. Daktari akaja, akaichukua ile chupa, akaisoma lebo mbele na nyuma, akakagua kizibo, akaiandika namba yake kwenye daftari. Kisha akamrudishia Mama Zuhura mkononi.

"Fungua, mama."

Kizibo kikalia. Wale wenzake sita walisogea wote kuangalia. Mama Zuhura akamimina mpaka kwenye alama ya kikombe, akamwambia Anna atie magadi, akasubiri povu litulie, akamwambia atie chanjo. Akakoroga mwenyewe. Akainusa. Ndipo akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya majagi, akaniita kwa mkono.

Nikaenda. Akaniwekea kikombe puani.

"Inanuka dawa?"

Nikanusa. "Hainuki, dada."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akanywa yote, akakunja uso, akakipindua kikombe juu ya meza waone wenzake kwamba hakikubaki kitu. Nikawa nangoja aseme amenisamehe. Hakusema, wala hajasema mpaka leo, na ananipakulia samaki kila Ijumaa. Aliisukuma tu ile chupa iliyobaki kwa mwenzake anayefuata.

Nilikaa kwenye kazi ile miaka mingine mingi, nikarudishiwa meza, nikafundisha wengi wenu. Mliniuliza mara nyingi kwa nini kwangu mtu hufungua chupa mwenyewe, hata mzee asiye na nguvu vidoleni, hata foleni ikiwa imefika barabarani, nami niliwajibu ni utaratibu tu. Sasa mnajua. Tangu asubuhi ile mpaka nastaafu, sikumfungulia mtu maji.